Insulini ya Muda Mrefu: Dozi Sahihi Hupatikanaje?

Mtu mwenye kisukari anayeanzishiwa insulini ya muda mrefu huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: ajidunge yuniti ngapi? Siku ya kwanza hupewa jibu fupi, mara nyingi yuniti 10 kwa siku, naye huichukua namba hiyo kana kwamba imekokotolewa kwa ajili ya mwili wake. Wiki kadhaa baadaye anapoambiwa apande hadi 24, kisha 36, hudhani ama ugonjwa umemzidi nguvu au aliyemwandikia dawa mara ya kwanza hakuijua kazi yake. Kwa kawaida dhana zote mbili si za kweli. Dozi ya kwanza huwekwa chini kwa makusudi ili isimdhuru mgonjwa, na dozi inayomfaa hutafutwa baadaye, hatua kwa hatua, kwa kufuata majibu ya mwili wake mwenyewe. Hakuna hesabu inayoweza kuitabiri kwa uhakika, kwa sababu watu wawili wenye uzito sawa na umri sawa wanaweza kutofautiana mara mbili au hata tatu katika kiasi cha insulini wanachohitaji.

Utafutaji huo una kanuni zake, nazo hueleweka bila taabu mtu akishajua insulini hii imekusudiwa kufanya kazi gani na, pengine muhimu zaidi, ni kazi gani ambayo si yake.

Sukari inayotoka kwenye ini

Damu haipati sukari kutoka kwenye chakula peke yake. Kati ya mlo na mlo, na hasa usiku, ini huachia sukari lililoihifadhi na kutengeneza nyingine mpya, ili ubongo na viungo vingine visikose nishati. Kwa mtu mzima ambaye hajala usiku kucha, ini huachia takriban miligramu 2 za sukari kwa kila kilo ya uzito wa mwili katika kila dakika, ambazo kwa mtu wa kilo 70 ni kama gramu 8 kwa saa. Kongosho lenye afya hulidhibiti ini kwa kutiririsha insulini kidogo kidogo saa zote 24, awe mtu amekula au hajala. Mtu anapokula, huongeza insulini nyingi kwa muda mfupi kwa ajili ya chakula hicho. Utaratibu huu ukiharibika, ini hukosa wa kulizuia, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kulala akiwa na sukari ya 9 akaamka akiwa na 13 bila kutia kitu kinywani. (Namba zote za sukari katika makala haya ni za milimoli kwa lita, mwenye mashine inayosoma miligramu kwa desilita azizidishe kwa 18.)

Insulini ya muda mrefu hushika nafasi ya ule mtiririko mdogo wa saa zote. Dozi yake basi hupimwa kwa swali moja tu: mtu asipokula, je, sukari yake hubaki ilipo? Ikipanda, insulini ni pungufu. Ikishuka, imezidi. Sukari inayopaa saa mbili baada ya mlo ni suala la mlo huo, na tiba yake iko kwenye chakula chenyewe, kwenye insulini ya haraka inayodungwa wakati wa kula, au kwenye dawa nyingine zinazofanya kazi wakati huo. Kujaribu kuishusha sukari ya baada ya mlo kwa kuongeza insulini ya muda mrefu ndilo kosa linalovuruga hesabu hii kuliko mengine yote, na hata wataalamu huteleza hapo.

Insulini hizi hazifanani

Ya zamani zaidi kati ya zinazotumika sana ni NPH, iliyotengenezwa katika miaka ya 1940. Rangi yake ni ya maziwa, na ni lazima kalamu au chupa yake izungushwe na kupinduliwa taratibu mpaka dawa ichanganyike sawasawa kabla ya kudungwa. Hufikia kilele cha nguvu zake kati ya saa 4 na 10 hivi baada ya kudungwa, kisha hufifia kabla siku haijaisha, mara nyingi kati ya saa 12 na 18. Wataalamu huihesabu kuwa insulini ya muda wa kati, lakini hufanya kazi ile ile, na kilele chake ndicho kinachoitia dosari: anayejidunga saa 12 jioni anaweza kukipata kilele hicho usiku wa manane, akiwa usingizini na tumbo likiwa tupu.

Glajini, iliyoidhinishwa mwaka 2000, ilitengenezwa ili kukwepa kilele hicho. Ndani ya kalamu ni maji safi yenye asidi. Ikiingia chini ya ngozi, ambako hakuna asidi hiyo, huganda kuwa chembe ndogo sana ambazo huyeyuka polepole kwa muda wa karibu saa 24. Kwa sababu hiyo haichanganywi na insulini nyingine katika sindano moja. Detemiri hushikamana na albumini, protini iliyomo kwenye damu na majimaji ya mwili, na ikiwa dozi ni ndogo mara nyingi haifikishi saa 24, hivyo baadhi ya watu huidunga mara mbili kwa siku. Degludeki hudumu zaidi ya saa 42, na glajini yenye mkolezo wa yuniti 300 kwa mililita hudumu muda mrefu kuliko ile ya kawaida yenye yuniti 100.

Mkolezo huo huwatatiza wengi, ingawa ukweli wake ni mwepesi. Yuniti ni yuniti, iwe imo ndani ya tone kubwa au dogo, na kalamu huhesabu yuniti, haihesabu mililita. Anayeandikiwa yuniti 20 huizungusha kalamu hadi 20, basi. Hatari huja pale mtu anapoivuta dawa kutoka ndani ya kalamu kwa bomba la sindano lililochorwa kwa ajili ya mkolezo wa 100: akivuta kutoka kalamu ya mkolezo wa 300, bomba litamwonyesha 20 ilhali amevuta 60. Jambo hilo halifanywi kamwe.

Kuhama kutoka insulini moja kwenda nyingine nako si suala la kunakili namba. Aliyekuwa akidunga NPH mara mbili kwa siku akihamia glajini ya mara moja, kwa kawaida jumla ya yuniti zake hupunguzwa kwa asilimia 20, na punguzo kama hilo hufanywa kwa anayetoka glajini ya 300 kuingia ya 100. Baada ya hapo utafutaji huanza upya.

Kutoka yuniti 10 hadi dozi yenyewe

Kwa mtu mzima mwenye kisukari aina ya 2 ambaye vidonge havimtoshi tena, mwanzo unaotumika mahali pengi ni yuniti 10 kwa siku, au kati ya 0.1 na 0.2 ya yuniti kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 80 basi huangukia kati ya 8 na 16. Aliye mzee sana, aliyekonda, au mwenye figo dhaifu huanzia upande wa chini, na mnene mwenye sukari ya juu sana anaweza kuanzia upande wa juu. Metformini kwa kawaida huendelea. Vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamidi, huangaliwa upya, kwa sababu vikiambatana na insulini huongeza uwezekano wa sukari kushuka mno.

Kisukari aina ya 1 huanza kwa hesabu tofauti, kwa sababu mwili hauna tena insulini yake au umebakiwa na kidogo mno. Hapo hukadiriwa kwanza jumla ya insulini ya siku nzima, mara nyingi yuniti 0.5 kwa kilo, ingawa mahitaji halisi huweza kuwa popote kati ya 0.4 na 1.0, na kwa vijana wanaobalehe hata kupita hapo. Karibu nusu ya jumla hiyo huwa insulini ya muda mrefu na iliyobaki hugawanywa kwenye milo. Mtu wa kilo 60 hukadiriwa yuniti 30, na takriban 15 kati ya hizo ndizo za muda mrefu. Katika miezi ya mwanzo baada ya kugundulika, kongosho linaweza kuzinduka kidogo kwa muda na mahitaji yakashuka sana. Kipindi hicho hupita, na mtu asikichukulie kuwa amepona.

Baada ya mwanzo huo, kipimo kinachoongoza kila kitu ni sukari ya asubuhi, inayopimwa mtu anapoamka, kabla ya kula wala kunywa chochote chenye sukari. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza lengo la 4.4 hadi 7.2. Lengo hilo hulegezwa kwa wazee walio dhaifu, ambao kwao kuanguka kwa sababu ya sukari kushuka ni balaa kubwa kuliko sukari ya 8, na hubanwa kwa wajawazito. Kila mgonjwa anapaswa kuwa amekubaliana na anayemtibu juu ya lengo lake kwa namba, na juu ya hatua gani anaruhusiwa kuchukua mwenyewe nyumbani, kabla hajaanza kuigusa dozi.

Utaratibu uliozoeleka zaidi ni wa kuongeza yuniti 2 kila baada ya siku 3, mpaka sukari ya asubuhi iingie kwenye lengo bila kushuka kupita kiasi. Tuseme mtu wa kilo 80 ameanza na 10, na asubuhi tatu mfululizo mashine imemsomea 11.2, 10.6 na 11.4. Anapanda hadi 12. Siku tatu nyingine zinasoma 10.1, 10.9 na 9.8, anapanda hadi 14, na kuendelea. Ikiwa mwili wake unahitaji 34, atapitia hatua 12, yaani siku 36, endapo hakuna kitakachomkatiza. Muda huo huonekana mrefu, lakini tatizo la kawaida zaidi ni kinyume chake: wapo wanaobaki na zile yuniti 10 za kwanza kwa miezi mingi, sukari ya asubuhi ikiwa 12, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba 10 ulikuwa mwanzo tu.

Siku tatu hizo zina sababu mbili, na anayezielewa hatashawishika kubadilisha dozi kila siku. Ya kwanza ni kwamba sukari ya asubuhi moja hubeba mambo mengi ya usiku uliopita: chakula cha saa 4 usiku, usingizi mbovu, mafua yanayoanza, matembezi marefu ya jioni. Asubuhi tatu zikisema jambo lilelile, hapo kuna mwelekeo; moja ikisema peke yake, hakuna. Hata kidole chenye mabaki ya tunda kinaweza kuisomesha mashine namba isiyo ya kweli, kwa hiyo mtu anawe mikono, ajikaushe, na apime tena kabla ya kuamini namba iliyomshangaza.

Sababu ya pili imo ndani ya insulini yenyewe. Dawa inayodumu saa 24 au zaidi haijaisha mwilini wakati dozi inayofuata inapodungwa, hivyo baki la jana hujumlishwa na la leo, na kiwango huendelea kupanda mpaka kinachoingia kilingane na kinachotoka. Glajini ya kawaida huchukua siku 2 hadi 4 kufikia utulivu huo, degludeki siku 3 hadi 4, na glajini ya mkolezo wa 300 angalau siku 5. Anayeongeza yuniti leo na kuongeza tena kesho kwa kuwa hakuona tofauti anarundika dozi ambazo nguvu zake zote zitamfikia keshokutwa kwa pamoja. Kwa insulini hizi ndefu zaidi, kungoja siku 4 au 5, au hata wiki, ni busara kuliko siku 3.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 unaonyesha vizuri uzito wa utaratibu huu. Watu 756 wenye kisukari aina ya 2, ambao vidonge havikuwa vikiwatosha, walianza na yuniti 10 wakati wa kulala, wengine za glajini na wengine za NPH, na dozi zao zikapandishwa kila wiki kulenga sukari ya asubuhi isiyozidi 5.6, kwa hatua kubwa pale sukari ilipokuwa juu sana na ndogo ilipokaribia lengo. Baada ya wiki 24, wastani wa HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, katika makundi yote mawili ulikuwa karibu asilimia 7, na takriban watu 6 kati ya kila 10 walifika hapo. Tofauti ya insulini mbili hizo ilionekana usiku, ambapo waliotumia glajini walishukiwa na sukari mara chache zaidi. Kwa maoni yangu, somo kubwa la utafiti huo halimo katika jina la dawa. Ile ya zamani iliyotiwa nidhamu ya kupandishwa kila wiki ilishusha sukari sawa na mpya, na mgonjwa aliye na NPH hana sababu ya kudhani kwamba udhibiti mzuri umewekewa wengine.

Usiku una habari zake

Kuna watu ambao sukari yao ya asubuhi hubaki juu hata dozi ikipanda, na kwao kuongeza tu bila kuchunguza usiku ni hatari. Kuelekea alfajiri mwili huongeza homoni za kuuandaa kuamka, zikiwemo kortisoli na homoni ya ukuaji, ambazo hulichochea ini kuachia sukari na kupunguza nguvu ya insulini. Kwa mwenye kisukari, sukari inaweza kuwa 6.5 saa 9 usiku ikafika 10 saa 1 asubuhi. Akiongeza insulini mpaka hiyo 10 ishuke, anaweza kuifanya ile 6.5 ya usiku wa manane kuwa 3.

Mwaka 1938 mwanabiokemia Michael Somogyi alitoa maelezo mengine: kwamba sukari ya juu ya asubuhi hutokana na sukari iliyoshuka usiku, mwili ukijihami kwa kuachia akiba yake kupita kiasi, na kwamba dawa yake ni kupunguza insulini. Maelezo hayo bado hurudiwa sana, lakini tafiti za baadaye, zikiwemo zilizotumia vifaa vinavyopima sukari mfululizo, zimeyatilia shaka kubwa: kwa kawaida usiku ulioshuka hufuatiwa na asubuhi iliyo chini. Hata hivyo ushauri uliozaliwa na nadharia hiyo ungali mzuri. Anayetaka kujua asubuhi yake inatoka wapi apime wakati wa kulala, saa 9 usiku, na anapoamka, kwa siku mbili au tatu. Ikiwa sukari ya kulala ilikuwa 12 na ya kuamka ni 12, insulini ya muda mrefu imefanya kazi yake bila lawama; lililoharibika ni chakula cha jioni.

Pale kuongeza kunapokoma kusaidia

Hapa ndipo penye utata wa kweli. Insulini ya muda mrefu ikitiwa nyingi vya kutosha huanza kushusha hata sukari ya milo, lakini hufanya hivyo vibaya: hushindwa kuizuia isipande baada ya kula, kisha huendelea kuishusha saa nyingi baadaye wakati hakuna chakula kinachoihitaji. Mgonjwa hujikuta akiwa na 15 baada ya chakula cha jioni na 4 alfajiri, naye huanza kula kitu kabla ya kulala kila siku kwa kuogopa usiku. Uzito unapanda. HbA1c haishuki. Anayemtibu, akitazama HbA1c peke yake, humwongezea yuniti nyingine.

Dalili za hali hiyo zinajulikana. Moja ni dozi inayopita karibu yuniti 0.5 kwa kilo ya uzito, ambayo kwa mtu wa kilo 80 ni 40. Namba hiyo si ukuta, kwani wapo wenye mwili usioitikia insulini vizuri ambao huhitaji zaidi, ila ni mahali pa kusimama na kuuliza. Nyingine ni pengo kati ya sukari ya kulala na ya kuamka: ikishuka usiku kwa karibu 2.8 au zaidi, kwa mfano kutoka 11.5 hadi 6.2, insulini ya muda mrefu inafanya kazi iliyopaswa kufanywa na tiba ya chakula cha jioni. Huyu mwenye 6.2 ya asubuhi angepongezwa kliniki, maana namba yake imo ndani ya lengo. Dalili ya tatu ni sukari ya asubuhi iliyo nzuri pamoja na HbA1c iliyo mbaya, na ya nne ni kushuka kwa sukari kusiko na sababu, hasa mtu anapochelewa kula.

Zikionekana dalili hizi, cha kufanya ni kushughulikia milo. Kwa kisukari aina ya 2, waganga wengi sasa hupendelea kuongeza kwanza dawa za kundi la GLP-1, ambazo huchelewesha chakula kutoka tumboni, hulisaidia kongosho kutoa insulini wakati sukari iko juu, na kwa kawaida hupunguza uzito. Njia nyingine ni kuongeza insulini ya haraka kwenye mlo ulio mkubwa zaidi. Katika njia zote mbili insulini ya muda mrefu huenda ikahitaji kupunguzwa, na mgonjwa asishangae akiambiwa hivyo.

Kwa anayetumia insulini mbili, ya muda mrefu na ya haraka, ipo njia ya moja kwa moja ya kuijaribu ile ya muda mrefu, nayo ni kuacha mlo mmoja kwa makusudi. Jaribio huanza angalau saa 4 baada ya mlo wa mwisho na insulini yake, katika siku isiyo na ugonjwa wala mazoezi mazito, sukari ikiwa katika kiwango cha kawaida. Mtu hatii chakula chochote mdomoni kwa saa kadhaa, hunywa maji tu, na husoma mashine kila saa moja au mbili. Sukari ikipanda au kushuka kwa chini ya 1.7 hivi, dozi inafaa kwa sehemu hiyo ya siku. Ikishuka chini ya 4, jaribio hukatishwa papo hapo na mtu hula. Sehemu nyingine za siku hujaribiwa siku nyingine.

Kupunguza

Wagonjwa wengi huona kupunguza dozi kama kurudi nyuma, na huvumilia kutetemeka kwa wiki nzima wakidhani mwili utazoea. Sukari ikishuka chini ya 3.9 bila sababu inayojulikana, kama vile mlo ulioachwa, pombe au kazi nzito isiyo ya kawaida, dozi hupunguzwa kwa asilimia 10 hadi 20, na hakuna haja ya kungoja siku tatu. Mwenye yuniti 30 hurudi 24 hadi 27. Ikishuka chini ya 3.0, au mtu akihitaji msaada wa mwingine ili apate nafuu, anayemtibu ajulishwe siku hiyo hiyo. Kwa wakati wenyewe, mgonjwa aliye na fahamu hula gramu 15 za sukari inayoingia haraka kwenye damu, hungoja dakika 15, na hupima tena. Akiwa ametumia degludeki au glajini ya 300, akumbuke kwamba insulini hiyo bado imo mwilini na itaendelea kumvuta chini, kwa hiyo akishapata nafuu ale chakula chenye wanga na aendelee kupima.

Kabla ya kuongeza au kupunguza yuniti yoyote, ngozi nayo ichunguzwe. Anayedunga mahali pamoja kila siku huota uvimbe laini wa mafuta ambao haumuumi, na kwa kuwa haumuumi huupenda. Insulini iliyodungwa humo hunyonywa kwa kubahatisha, leo kidogo na kesho nyingi. Mtu wa namna hii hupandishwa dozi mara nyingi bila faida, na siku anapohamia ngozi nzuri dozi ile ile inaweza kumwangusha. Kwa hiyo anapohama hupunguza kwanza, kwa kushauriana na anayemtibu. Insulini iliyoganda kwa baridi au kuachwa juani nayo hupoteza nguvu, na hakuna hesabu ya dozi itakayoirudisha.

Mahitaji yenyewe pia hayatulii milele. Figo zinapodhoofika, insulini huchelewa kuondoka mwilini na dozi hushuka. Dawa za steroidi, kama prednisoloni ya asubuhi, hupandisha sukari hasa mchana na jioni huku asubuhi ikibaki karibu kawaida, hivyo kumwongezea mtu huyo insulini ya muda mrefu ya usiku ni kumtafutia anguko la alfajiri. Mara nyingi NPH ya asubuhi, ambayo kilele chake hukutana na kile cha prednisoloni, humfaa zaidi. Mjamzito mwenye aina ya 1 anaweza kuhitaji pungufu katika miezi ya kwanza, kisha zaidi na zaidi kuelekea mwisho, na mara tu anapojifungua mahitaji huporomoka ndani ya saa chache. Aliyepungua kilo nyingi hupunguza na insulini pia.

Homa na maambukizi kwa kawaida huongeza mahitaji, hata kama mgonjwa hali chochote, kwa sababu ini huachia sukari zaidi mwili unapopambana. Mwenye kisukari aina ya 1 anayeiacha insulini ya muda mrefu kwa kuwa ametapika na hajala huingia katika ketoasidosisi, damu ikijaa asidi, na anaweza kufa kwayo ndani ya siku moja au mbili. Insulini ya chakula huweza kuachwa pamoja na chakula. Ile ya muda mrefu huendelea kudungwa, sukari na ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, hupimwa kila baada ya saa chache, na anayetapika bila kukoma au mwenye ketoni zinazopanda hupelekwa hospitali bila kungoja kupambazuke.